Nilinunua laini mbili za faiba Garsen, zikafa siku moja

Wakuu, salaam kutoka Garsen. Mimi ni mzee wa elimu ya sekondari na haya yamenipata mwenyewe. Sitaongeza chumvi, aibu yenyewe inatosha.

Nina cyber hapa mjini. Watu wa vijiji vya Wema na Chara huja niwajazie fomu za mtandaoni.

Kampuni mbili za intaneti ya biashara zimeingia kugombania wateja. Mtu wa sales wa kwanza alikuja na tai, katika jua hili, akasema wale wengine ni matapeli. Wa pili akaja na tai yake, akasema hivyohivyo kuhusu wa kwanza.

Nikajiona mjanja. Nikachukua zote, moja ikikatika nyingine iwe backup. Nikabandika bango: HAPA MTANDAO HAUKATIKI.

Fundi wa laini ya pili alipanda nguzo ileile ya kwanza. Nilimwona kwa macho yangu. Nikampa soda.

Sasa, Mama Rehema wa Wema alileta maombi ya bintiye ya chuo cha uuguzi, zikibaki siku mbili maombi yafungwe. Nilikuwa na foleni. Nikamwambia, "Nenda kavune mpunga wako, rudi Ijumaa."

Ijumaa asubuhi greda la barabara likakata waya. Laini zote mbili zikafa pamoja.

Nikapigia kampuni ya kwanza. "Mzee, si sisi, ni mwenye waya." Ya pili, jibu hilohilo. Kumbe wote wanakodi waya mmoja wa mtu mwingine. Ushindani wao ni wa tai.

Data ya simu ikaelemewa na mji mzima. Ukurasa ulizunguka mpaka saa kumi na moja, maombi yakafungwa.

Mama Rehema, aliyerudi Ijumaa hiyo kama nilivyomwambia, akaniuliza, "Mzee, si ulilima kule Bura, kwenye mashamba ya umwagiliaji? Mifereji miwili ikitoka mlango mmoja wa maji, mlango ukifungwa, upi unabaki na maji?"

"Hakuna."

"Basi ulijua. Bango uliandikiwa na nani?"

Nilienda Wema kuomba radhi. Mama alinipa kiti. Rehema hakutoka ndani.

Nilichojifunza: usiulize speed. Uliza waya ni wa nani na unapita wapi. Na kazi ya mtu ifanye siku aliyoileta.

Walio Hola na Kipini, kwenu nyaya ni ngapi? Nichekeni mkitaka, nimestahili. Ila mwenye kujua chuo cha uuguzi ambacho bado kinapokea maombi aandike hapa chini. Fomu ya Rehema ninayo mezani.