Leokadia Alipoficha Mikono Yake

Ipo siku moja ya ujana wangu, mjukuu wangu, ambayo hata sasa nikifumba macho naiona. Ni siku niliyotoka hospitali mjini, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, nikafika nyumbani kwetu Kasense na kukuta watu wote wanaongea kwa sauti ya chini. Mama alinikalisha karibu na moto, akanipa uji wa ulezi. Baba alinipa pole, kisha akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshaangaliwa. Na mdogo wangu Leokadia, ambaye hakujua kukaa bila kuimba, alikuwa kimya anachochea kuni.

Kaa vizuri nikueleze tulivyofika hapo, maana ninyi mmenikuta mzee na mkono wangu uko hivi, mkadhani nilizaliwa nao.

Kwetu tulikuwa wawili, mimi Desideri nikitangulia na Leokadia akinifuata. Masista wa parokia yetu walikuwa na piano, ile kubwa ya mbao, iliyoletwa na wamisionari kabla baba hajaoa. Ilikaa ukumbini kwao, kila mguu umesimama ndani ya kopo la mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Aliyeitunza ni Sista Benigna, mzaliwa wa Mwazye, Mfipa kama sisi, mwanamke mwembamba mwenye macho makali. Alitukuta tunachungulia dirishani wakati yeye anapiga. Tulijua tutafukuzwa. Akasema, "Ingieni, ila mnawe mikono kwanza."

Tukanawa, tukaingia, na hatukutoka tena. Leokadia alijua kusoma nota kabla hajajua kusoma vizuri kitabu cha shule. Miezi ya baridi, ile ambayo upepo wa Ufipa unapenya hata kwenye blanketi, Sista aliwasha jiko la mkaa, tukapasha vidole moto ndipo tukapiga. Ulikuwa muziki wa watunzi wa zamani wa Ulaya, usio na maneno. Majirani walimuuliza mama, "Hizo nyimbo za wanao, maneno yake yako wapi?" Mama, ambaye naye hakujua, akawajibu kwamba bado hatujafika kwenye maneno.

Tulichokipenda kuliko vyote ni vitabu vya watu wawili. Mnakaa benchi moja, mmoja anashika upande wa sauti nene, mwingine upande wa sauti nyembamba, mnapiga kitu kimoja. Mimi nilikaa kwenye sauti nene. Tuligombana sana pale. "Kaka, kiwiko chako!" "Na wewe mbona umekimbia?" Lakini ilifika wakati nikawa najua Leokadia anataka kuanza kwa namna anavyovuta pumzi tu, bila kumtazama. Hicho ni kitu ambacho sijawahi kukipata kwa mtu mwingine, hata kwa bibi yako, na yeye anajua.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia watu wafanye biashara. Maduka ya mjini yaliyokuwa matupu yakajaa sabuni na vitenge vilivyopitia Tunduma, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na mahindi yetu, ambayo zamani yalinunuliwa na serikali, yakaanza kufuatwa na wafanyabiashara na malori yao. Kila mtu alijaribu jambo. Baba na mdogo wake wakaleta mashine ya kusaga iliyokwisha kutumiwa na wengine, wakaijengea kibanda kando ya barabara. Watu wakapanga foleni na madebe yao, nasi tukajiona tumeendelea.

Msimu huohuo Sista Benigna akatuita. Alikuwa amepata habari kwamba mwalimu wa piano kutoka chuo kimoja cha Dar es Salaam angepita Sumbawanga baada ya mavuno kusikiliza vijana, na wanaofaa angewachukua wakasome. Sista akatuchagulia muziki wa kupiga kila mtu peke yake, na mmoja wa kupiga pamoja. Tulijua tutaondoka wawili. Tulishaanza hata kubishana nani atakaa dirishani kwenye basi.

Kisha ikaja ile siku ya mashine. Ilikuwa mchana wa kawaida. Baba aliniambia nisimamie, yeye akamsaidie mama mmoja kushusha gunia. Mkanda wa mashine ukaanza kuteleza. Nilikuwa nimemwona baba mdogo mara nyingi akiurudisha kwa mkono huku mashine inazunguka, nami nikafanya vilevile. Sitakueleza zaidi. Madaktari waliokoa kidole gumba na kidole kidogo. Cha kati na cha pete walivikata, na cha shahada kikabaki kigumu kama unavyokiona, hakikunjiki.

Basi nikarudi nyumbani, na nyumba ikanyamaza. Nilimsikia mama akimwambia Leokadia nyuma ya jiko, "Usiende kupiga kule. Mwenzako akisikia ataumia." Leokadia akajibu, "Hata mimi sitaki tena, mama." Habari zikaenea, na watu wakamsifu. Waliokuja kunipa pole walisema, "Una bahati ya mdogo mwenye huruma, ameacha kabisa kwa ajili yako." Nami nikaitikia kwa kichwa.

Sikiliza hapa, mwanangu. Hakuna mtu aliyeniuliza. Nilikuwa nimepoteza vidole, ndiyo, lakini masikio yangu yalikuwa mazima, na kiu yangu ya ule muziki ilikuwa palepale. Niliamka asubuhi nikausikia kichwani, upande wangu tu, sauti nene peke yake, kama mtu anayeongea na asiyemjibu. Nilitamani kumwambia Leokadia apige. Lakini niliogopa kwamba akipiga nitashindwa kuvumilia, halafu nitaonekana mwongo. Niliogopa pia kuomba. Nikasema moyoni, ni mdogo wangu, tumekaa benchi moja miaka yote hii, atajua mwenyewe.

Hakujua. Siku moja nilimkuta uani amekaa na ungo wa ulezi mapajani. Alikuwa ameacha kupepeta. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya ukingo wa ungo, vyote, haraka, na nikautambua muziki kwa kuangalia tu. Ulikuwa ni wa kwake, ule wa kupiga peke yake. Nilisimama nautazama. Alipoinua macho na kuniona alishtuka, akaiingiza mikono yote miwili chini ya kitenge chake, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Mwanangu, mashine iliniuma, lakini kitendo kile kiliniuma kuliko mashine. Mdogo wangu ananificha mikono yake!

Nilikwenda moja kwa moja kwa Sista Benigna. Nikamwamkia, "Shikamoo, Sista," naye akaitikia bila kuacha kufuta vumbi kwenye piano. Nikamweleza yote, kisha nikamwomba, "Sista, mwambie Leokadia arudi. Wewe anakusikia."

Akageuka, akanitazama mkono, halafu usoni.

"Desideri, kilichoingia kwenye mkanda ni nini?"

"Mkono, Sista."

"Na mdomo nao uliingia?"

Nikaanza kupanga nota zilizokuwa juu ya piano.

"Mimi simwambii kitu," akasema. "Nikimwambia mimi, atakuja kunipigia mimi, na kila akigusa piano atajiona anakuibia. Wewe umekaa nyumbani unangoja aisome roho yako. Yeye naye amekaa hukohuko, anadhani ameshaisoma. Mama yenu hivyohivyo. Mnapendana, naliona hilo, lakini mnaumizana bure. Nenda ukaseme. Na ukisema, sema yote, hata lile unaloliogopa."

Aliongea kwa ukali, lakini aliponisindikiza mlangoni alinishika bega, na nikaona macho yake yana machozi. Alikuwa ametulea sisi wawili kwenye benchi lile, na sasa ukumbi wake ulikuwa mtupu.

Nilimkuta Leokadia njiani, ametoka kisimani. Nikamwambia atue ndoo, nikamwita Leo kama nilivyozoea.

"Leo, nataka urudi ukapige."

"Sitaki, kaka."

"Kwa nini?"

Akaanza kulia palepale. "Nikikaa mimi pale na wewe umesimama pembeni, nitakuwa kama nakucheka."

"Ukinyamaza ndiyo unanizika," nikamwambia. "Vidole vimekwenda, Leo, havirudi. Ule muziki bado naupenda. Nyumba nzima mmeninyima, mnasema mnanihurumia."

"Na ukiumia je?"

Nikakumbuka maneno ya Sista. "Nitaumia. Sikudanganyi. Siku nyingine nitashindwa, nitatoka nje. Ukiniona natoka, usisimame. Endelea mpaka mwisho."

"Siwezi hivyo, kaka."

"Utaweza. Mimi nitakuwa hapohapo nje."

Alijifuta machozi kwa kitenge, akajitwika ndoo, tukaenda nyumbani tumwambie mama. Mama alituangalia mmoja mmoja, akasema tu, "Kumbe," akakaa chini kwenye kigoda chake.

Siku ya kwanza tulipoingia ukumbini, Sista alikuwa ameweka kiti kando ya benchi. Kazi yangu ikawa kufunua kurasa na kusikiliza. Leokadia alianza vibaya, vidole vimelala kwa kutopiga. Nilivumilia. Alipofika sehemu moja ya katikati, sehemu ambayo muziki unatulia na mkono wa kulia unabaki kuimba karibu peke yake, nikashindwa. Nikainuka, nikatoka.

Nilisimama nje nimeegemea ukuta, upepo unanipiga, nalia waziwazi. Ndani, piano ikasita. Nikajua ameuona mlango uko wazi. Nikasema kimoyomoyo, usisimame, Leo, usisimame. Ikasita kidogo tena. Halafu ikaendelea. Alikosea, nikasikia anakosea kwa sababu naye analia, lakini aliendelea mpaka mwisho kama tulivyokubaliana.

Nilipangusa uso nikarudi ndani. Nikamwambia, "Pale katikati umekimbia."

Akacheka huku makamasi yanamtoka. "Na wewe ulikuwa wapi wa kunizuia?"

Kuanzia hapo tulikwenda kila jioni. Nikatoka nje mara nyingine, sikuhesabu, lakini zikapungua. Nikagundua kwamba nikikaa pembeni nasikia mambo ambayo nilipokuwa napiga sikuyasikia: mkono wa kushoto ukizidi nguvu, pumzi ikikatwa mapema, pedali ikiachwa imekanyagwa. Nilimwambia, naye alibisha, kisha akajaribu, kisha akakubali.

Mwalimu wa Dar es Salaam alikuja, mama mmoja mpole mwenye miwani. Vijana walipiga, Leokadia akapiga, na akachaguliwa. Nami nilikuwa nafunua kurasa. Hakukuwa na nafasi yangu, na sitakudanganya kwamba siku hiyo nilifurahi tu. Nilifurahi na niliumia, vyote pamoja. Usiku kabla ya safari nilimwambia hivyohivyo, naye akasema, "Afadhali umesema." Asubuhi nikambebea sanduku hadi stendi. Alikaa dirishani.

Miezi ikapita. Sista Benigna akaniletea watoto wa parokia niwafundishe, nami nikaanza. Kisha siku moja basi la Mbeya likaleta furushi kutoka kwa Leokadia. Ndani kulikuwa na kitabu cha nota za mkono wa kushoto peke yake. Sikuwa najua kwamba vitu hivyo vipo! Kumbe huko Ulaya nako watu walikuwa wameumia mikono, na wenzao wakawatungia. Nilijifunza polepole, kwa shida, mkono wangu wa kushoto ukiwa umezoea sauti nene tu na sasa umepewa kuimba.

Alasiri moja nilikuwa napiga, nikahisi kuna mtu mlangoni. Alikuwa baba. Tangu ile ajali hakuwahi kukanyaga ukumbi ule. Alivua kofia, akaja akakaa kwenye kile kiti changu cha kando, akasikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwa Kifipa, lugha aliyoitumia akiwa na jambo zito, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuweka pale kwenye mashine. Kila siku nataka kukwambia, nashindwa."

"Baba, sikuwahi kukulaumu."

"Hukuwahi kuniambia."

Kweli, sikuwahi. Nilidhani anajua. Mtu mzima yule akalia kama mtoto, nami nikamshika kwa mkono wangu huu mbovu, ndio uliokuwa karibu naye.

Leokadia alifundisha piano huko Dar mpaka akastaafu, na kila alipokuja likizo tulikaa benchi moja, mikono mitatu, tukigombania nafasi kama zamani.

Basi, mwanangu, nakuomba jambo hili. Ndugu yako akipatwa na msiba, usimchagulie wewe dawa yake kichwani mwako. Mwulize. Mwambie, ninyamaze au niendelee? Usiifiche furaha yako ukidhani unamhurumia. Huenda anaitamani aione. Na ukiwa wewe ndiye uliyepatwa, usikae unangoja watu wakujue moyo kwa sababu tu mlikula sahani moja. Sema unachotaka. Sema na unachoogopa. Na akikuruhusu uendelee, halafu ukamwona anatoka nje kulia, usikimbilie kuacha. Endelea, ili akirudi akukute.

Mungu akupe ndugu wa kukaa naye karibu hata mkisukumana viwiko. Akupe ulimi wa kusema mapema, na masikio ya kumsikia mwenzako kabla hajanyamaza. Mikono yako ikabarikiwe, na usipate kamwe mtu wa kumficha mikono hiyo.