Sumaku Iliyokaa Kichwani Kinyume

Baba alikuwa mchongaji. Twiga na vifaru aliowachonga kwa mkono wake wa kulia ndio waliotulisha na kutusomesha katika nyumba yetu ya mtaa wa Jericho. Asubuhi moja katika miaka ya tisini patasi ilimponyoka, akainama kuiokota, mkono ukakataa. Kilikuwa kiharusi. Mguu ulipata nguvu baada ya majuma machache, lakini mkono ulibaki ukining'inia.

Hospitali ilimpangia mazoezi, na Mama hakukosa kumpeleka. Siku moja tukaambiwa kuna daktari aliyepata mashine mpya ya kupima ubongo. Niliomba ruhusa kazini, kiwandani Industrial Area, nikaandamana nao.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku lenye waya mnene, na mwisho wa waya pete pana kama sahani. Daktari alieleza haraka haraka kwamba umeme ukipita kwenye pete huzaa sumaku, nayo sumaku hupenya fuvu bila maumivu na kuamsha umeme mwingine katika sehemu ya ubongo inayouamuru mkono. Mkono ukiruka, njia iko wazi.

Akaiweka pete kwenye utosi wa Baba. Tak! Mkono wa kushoto, ule mzima, ukaruka. Wa kulia ukalala pajani. Akaongeza nguvu. Wa kushoto ukaruka hadi ukagonga kiti. Wa kulia, kimya.

"Mzee, upande huu njia imekatika," alisema. "Hakuna amri inayoshuka."

"Lakini daktari," Mama akasema, "juzi alibana kijiko. Nilimwona."

"Mama, mashine haidanganyi."

Papo hapo akamwagiza mtu wa mazoezi nafasi ya Baba apewe mgonjwa mwingine, "atakayefaidika." Baba hakuulizwa neno. Alikuwa ameketi pale pale, kofia mapajani, akizungumziwa kama gogo lililooza.

Tulipofika nyumbani akagawa patasi zake kwa wachongaji wenzake. Mama alipojaribu kumnyoosha vidole, aliuvuta mkono. "Niache. Umeambiwa mti umekauka, unaumwagilia maji ya nini?"

Miezi ikapita hivyo. Mkono ukakunjamana, vidole vikajifunga kiganjani. Ila Mama aliona kwamba Baba akipiga mwayo mkono unapanda wenyewe, na hakutaka kuambiwa kwamba hilo si kitu. Alirudi hospitali peke yake, akakaa kwenye benchi mpaka akakubaliwa kumleta Baba tena.

Safari hii tulimkuta daktari mwingine, mwanamke kijana. Alimwamkia Baba kwanza, kisha akamweleza kila atakachofanya. Akaiweka pete utosini. Tak! Mkono wa kushoto ukaruka, wa kulia ukatulia. Nikayaelekeza macho sakafuni.

"Subirini," alisema. Akaipindua pete, upande wa chini ukawa juu, akairudisha pale pale.

Tak! Kidole gumba cha kulia kikashtuka.

"Rudia!" Mama akapiga kelele. Akarudia. Kikashtuka tena, kidogo tu, lakini sote tulikiona. Baba alikikodolea macho.

Daktari akatueleza kwamba sehemu ile ya ubongo huitika vyema zaidi umeme unaotoka nyuma kwenda mbele. Umeme wa pete huzunguka, kwa hiyo pete ikikaa hivi ilivyo sasa huamsha zaidi ubongo wa kushoto, unaouamuru mkono wa kulia. Ukiipindua, huamsha zaidi ule wa kulia.

"Kwa hiyo siku ile daktari wa kwanza alipima upande mzima," nikasema, "akatuambia ule mgonjwa umekufa?"

"Pete ilipaswa kujaribiwa pande zote mbili," akajibu.

Nilimtafuta yule wa kwanza, nikamkuta koridoni.

"Ni jambo dogo la kiufundi," alisema. "Hata hivyo mkono usingepona kabisa."

"Mwambie hivyo Baba mwenyewe, daktari. Yuko chumba kile."

Akatazama saa yake. "Nina wagonjwa, dada." Akaenda zake.

Baba alirudishiwa mazoezi. Vidole vilifunguka kiasi cha kushika kikombe, na baadaye kushika msasa na kulainisha vinyago vya wengine. Kuchonga hakuchonga tena. Yule daktari mwanamke hakutuficha kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa zaidi, na hiyo ilikuwa imekwisha kupita.

"Yameisha, mwanangu," Baba alikuwa akiniambia.

Kwangu hayajaisha. Kwa kukosea kuweka pete, daktari yule wa kwanza ningemsamehe. Chombo kilikuwa kigeni na kila mtu hukosea. Ila Mama alimwambia alichokiona kwa macho yake, na kugeuza kile chombo kungemgharimu muda wa kufuta miwani. Hakugeuza. Na katika miaka yote Baba aliyoishi baada ya hapo, hakuna mtu kutoka hospitali ile aliyekuja kumwambia pole.