Siku Fundi Sekunde Alipofiwa

Jina la Fundi Sekunde halikutokana na ufundi wake wa saa. Lilitokana na uongo wake. Ukimpelekea saa iliyosimama, aliiweka sikioni, akatikisa kichwa taratibu, halafu akakuambia, "Hii? Sekunde moja tu." Sekunde hiyo ilikuwa siku tatu, na ukikosa bahati, wiki nzima. Lakini saa ikitoka mikononi mwake ilikuwa imepona kweli, kwa hiyo watu walimsema, wakacheka, wakarudi tena.

Chumba chake cha kazi kilitosha watu wawili na nusu. Palikuwa na meza, taa ya shingo ndefu, droo arobaini za vipuri zisizo na alama hata moja, na redio. Kila asubuhi, ikibaki dakika moja kufika saa mbili, fundi alivuta kitufe cha pembeni cha saa aliyoishika, akaisimamisha mishale, akainua kidole. Hapo mteja hata angekuwa nani alinyamaza. Yule mama wa redioni alikohoa kidogo, kikohozi cha adabu, kisha akasema, "Sasa ni saa mbili kamili." Kwenye "kamili" fundi alisukuma kitufe ndani, saa ikaanza safari, naye akashusha kidole na kusema, "Haya, tuendelee."

Wateja walimwambia siku hizi simu inaonyesha saa bila kukosea. Alikuwa na jibu lake. "Simu haina kikohozi."

Fundi hakuwahi kumwona huyo mama. Siku moja waliitoa picha yake gazetini, na fundi, ambaye miaka yote alikuwa akimfikiria mrefu, akakuta bibi mfupi mwenye miwani minene. Alilikunja gazeti. "Wamekosea picha," akasema, na hakutaka mazungumzo zaidi.

Basi Jumatatu moja kidole kilikuwa juu kama kawaida, na sauti iliyotoka redioni ikawa ya kijana. Haikukohoa. Ilisema ni saa mbili kamili, kisha ikatangaza kwamba yule mama, aliyesoma saa kwa miaka thelathini na minane, amefariki. Fundi hakusukuma kitufe. Alibaki na kidole juu mpaka mkono ukachoka, halafu akaanza kulia kwa sauti, peke yake, mtu mzima wa miaka hamsini na sita. Alipoweza kusimama alirarua boksi la mikanda ya saa, akaandika kwa kalamu nene: NIMEFIWA. NITAFUNGUA KESHO. Akalining'iniza mlangoni, akafunga kufuli, akaenda zake. Simu aliisahau mezani.

Sasa, neno hilo si la mchezo. Kusikitika unaweza kumsikitikia yeyote. Kufiwa ni kwa mtu wako, ambaye kifo chake kinaingia ndani kwako na kukaa. Wa kwanza kulisoma lile boksi alikuwa fundi viatu wa chumba cha pili, ambaye alijua vizuri kwamba mama mkwe wa jirani yake amelazwa hospitali wiki ya pili sasa. Akajumlisha, akapata jibu, na jibu hilo hakulikalia. Nusu saa haikupita, wanawake wa mtaa mzima walikuwa wanaingia nyumbani kwa fundi bila kubisha hodi.

Mkewe alikuwa anaanika nguo. Aliwaona wakija kimya, mmoja tayari macho mekundu, na huyo akamkumbatia na shati bichi mkononi.

"Pole mwenzangu. Jikaze."

"Pole ya nini? Kuna nini?"

Hakuna aliyethubutu kujibu. Hapo akaelewa, au alidhani ameelewa: mama amekufa, mumewe amepata habari kwanza na ameshindwa kuja kumwambia. Wakamkalisha chini. Alimpigia mumewe, simu ikaita ndani ya chumba kilichofungwa. Alimpigia dada yake aliyekuwa akimuuguza mama, simu haikupokelewa. Kwa muda wa saa nzima yule mwanamke alikuwa yatima, na alilia kama yatima, mpaka dada alipopiga mwenyewe.

"Mama? Mama huyu hapa anakunywa chai na kugombana na nesi. Kwani vipi?"

Saa sita ndipo fundi alipotokea, macho yamevimba, akakuta uani kwake hakuna pa kukanyaga.

"Jamani," akauliza kwa hofu, "nani kafa?"

"Sisi ndio tunakuuliza wewe!" akasema fundi viatu.

Ikabidi aseme. Alipotaja yule mama wa redioni, mtu mmoja alicheka akajifanya amepaliwa. Wengine waliaga kwa adabu, wakangojea wafike barabarani ndipo wacheke. Nami nilikuwa mmoja wao, na leo sijivunii.

Wakabaki wawili. Mkewe alizoea kumwita Baba Watoto. Akimwita kama wanavyomwita wateja, mambo yameharibika.

"Fundi," akasema. "Umeniulia mama yangu saa nzima, kwa ajili ya mtu wa redio."

"Nisamehe. Sikufikiri."

"Ngoja, sijamaliza. Baba yangu alipokufa, uliandika nini mlangoni?"

Fundi alikumbuka.

"Uliandika 'Nimetoka kidogo.' Baba yangu! Aliyekufundisha kazi, aliyekuachia ile meza na zile droo. Nimetoka kidogo! Ukazika, siku ya tatu ukafungua, na chozi sikuliona hata moja. Miaka kumi na moja najiambia, labda mume wangu si mtu wa kulia. Kumbe kulia unajua. Leo unijibu. Ukishindwa, mimi naenda kwa mama, na sikuahidi siku ya kurudi."

Hakuwa anatishia tu. Begi lilikuwa kitandani, wazi, na nguo zilikuwa ndani.

Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda, kando ya begi. Maneno hayakuwa kazi yake. Alijitazama mikono.

"Kile kidole ninachoinua asubuhi si changu," akasema hatimaye. "Ni cha mzee. Siku ya kwanza nilipoingia kujifunza, alinipa saa, akanishika kifundo cha mkono, hapa, akainua kidole. Yule mama alipofika kwenye 'kamili', mzee akanibana. Nikasukuma. Akaniambia, 'Sasa umetengeneza saa.' Nilikuwa sijatengeneza chochote. Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Na alikuwa akimjibu redioni, 'Asante, binti.' Akimsikia ana mafua, mzee siku nzima hana raha."

"Baba? Baba alikuwa anaongea na redio?"

"Alikuwa akisema, 'Huyu ni kama yule binti yangu wa nyumbani. Akisema saa mbili, ni saa mbili, hakuna mjadala.'"

Mkewe alifunika mdomo kwa kiganja. Baba aliyemjua yeye alirudi jioni, akala, akalala. Huyu wa kwenye chumba cha saa hakuna aliyewahi kumsimulia.

"Alipokufa," fundi akaendelea, "nilizika kama watu wengine. Kisha nikafungua kazini, yule mama akakohoa, akasema saa mbili kamili, nikasikia mkono wa mzee hapa kwenye kifundo. Sikuota, nilisikia. Nikasema, mbona yupo? Nitamliliaje mtu aliyekaa pembeni yangu? Nikawa naye kila asubuhi, miaka kumi na moja. Leo amesoma kijana. Nikageuka pembeni, hakuna mtu." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Wameondoka wote wawili pamoja, Mama Watoto. Ndiyo nimefiwa leo. Sikujua niandike neno gani jingine."

Mkewe alilia, lakini si kilio cha asubuhi. Alisogeza begi, akakaa.

"Niambie mengine," akasema. "Alisema nini tena kuhusu mimi?"

Yalikuwepo mengi. Mzee alikuwa anamwiga binti yake anavyofoka, na kumsifu kwa wateja, na siku ya harusi yao alikwenda kujifungia kwenye kile chumba akijidai ana saa ya haraka ya mteja. Fundi alisimulia, wakacheka, wakalia tena, chakula kikapoa jikoni. Walikuwa bado wamekaa hapo jua lilipoanza kuinama, hodi ikasikika. Alikuwa jirani mgeni, aliyehamia mtaani mwezi uliopita. Habari zilimfikia kwa kuchelewa, na hakujua kwamba msiba umeshafutwa.

"Poleni sana, nimesikia sasa hivi," akasema mlangoni. "Aliyefariki ni nani wenu?"

Fundi alifungua mdomo, tayari kuomba radhi kwa mara nyingine. Mkewe akamwahi.

"Baba yangu," akasema.

Yule jirani akavua viatu, akaingia, akakaa nao.