Behewa 10403

Sisi tuliokulia kota za reli pale Nakuru hatukuwa na simu za kuchezea. Tulikuwa na namba za mabehewa. Treni ya mizigo ikipunguza mwendo, kila mtoto anachagua behewa, anashika namba yake kichwani, halafu tunaketi kwenye rundo la mataruma ya reli yenye harufu ya lami, tunaipasua. Inayogawanyika kwa mbili tuliita mkate. Inayogawanyika kwa tatu, uliyoijua kwa kujumlisha tarakimu zake kwanza, tuliita muwa. Inayokataa zote hadi kumi na mbili, pale tebo ya kuzidisha ya nyuma ya daftari ilipoishia, hiyo ilikuwa jiwe. Mwenye jiwe alikula kiazi choma cha kwanza.

Jiwe langu lilikuwa 10403. Wafula wa mlango wa pili, rafiki yangu, peke yake ndiye aliyebisha: "Hiyo inapasuka, wewe!" Tukawekeana dau. Akishindwa kuipasua kufikia Jumapili, atamchotea mama yangu maji bombani muhula mzima. Akiweza, mimi nimchotee wake. Alijaza ukuta wa ghala hesabu za makaa. Jumapili akaja na mtungi. Akabeba maji, shingo imepinda, mimi nyuma yake naimba, "Jiwe! Jiwe!" Mama akasema, "Huyo mtoto utakuja kumwomba msamaha." Nikacheka.

Niliacha shule darasa la nne. Nikauza viazi, nikanunua lori, na ubavuni nikaandika 10403, kwa rangi nyekundu. Sikufundishwa na mtu kutafuta vigawanyo zaidi ya kumi na mbili.

Juzi mjukuu wangu Wambui, anayesomea hesabu huko Njoro, akauliza namba hiyo ni ya nini. Nikamweleza kifua mbele. Nilingoja atoe simu nimcheke, maana hawa wa siku hizi hata mbili na mbili wanauliza simu. Hakuitoa.

"Guka, hiyo si jiwe. Ni mia moja na moja mara mia moja na tatu. Mngejaribu mpaka mia moja na moja ndipo muite jiwe."

Nilipiga hesabu kwa kalamu mara tatu. Chai ikaganda utando. Ati tuliishia kumi na mbili kwa sababu daftari liliishia hapo! Na mimi nimezunguka nchi nzima na uongo ubavuni!

Nikampigia Wafula, aliyestaafu akahamia Kamere. Nikamsomea zile namba mbili.

"Mia moja na moja?" akasema. "Bwana, mimi nilifika tisini na tisa. Mvua ikaosha ukuta."

Nikaomba msamaha.

"Mama yangu hayuko tena," akasema, "lakini mke wangu yuko, na bomba liko mbali."

Watoto wa leo wanapasua namba kabla chai haijapoa, na wako sawa. Ila hawatajua kuihesabu moja kwa makaa, ukutani, wiki nzima, kwa ajili ya mama yako. Jumamosi naenda Kamere na mtungi wangu. Nilitaka kuomba tugawe ule muhula, nibebe sehemu tu. Ulikuwa wiki kumi na tatu. Nimeijaribu hadi mwisho, hiyo kumi na tatu ni jiwe kweli; nitabeba yote.