Sekunde Sita Zilizokatwa

Saa mbili asubuhi, mwanamke amesimama chini ya ngazi, furushi la mashuka kichwani, simu mkononi. Kioo cha simu kina ufa uliokwenda kona hadi kona. Anakibonyeza kwa dole gumba, anavuta pumzi na kuanza kupanda.

"Moja. Mbili. Tatu. Hii ya nne inateleza mvua ikinyesha, shikeni ukuta jamani. Tano."

Wenzake wanamwita Mama Pasi, maana hakuna shuka linalotoka mikononi mwake likiwa na kunyanzi. Kwa miaka mitatu amekuwa akifua, akipiga deki na kutandika katika nyumba ya vyumba vitatu inayopangishwa kwa watu wa mapumziko. Iko juu ya mteremko. Kutoka getini hadi mlangoni ni ngazi arobaini na moja, na leo anazihesabu zote mbele ya kamera, ingawa ameshaambiwa kwamba akirudia tena, kazi hana.

Alipoajiriwa, nyumba ilipata wageni siku sita tu kwa mwezi, na mwenye nyumba alikuwa mbioni kuiuza. Siku moja, akingoja mashuka yakauke, Mama Pasi alijirekodi akinyoosha kitanda huku akiongea peke yake, kama alivyozoea.

"Nilikuwa natania tu," anasema. "Nikasema, jamani, kitanda hiki kinawangoja nyinyi, mimi sina likizo. Nikaiposti mtandaoni, kesho yake nakuta watu elfu mbili wamecheka."

Akafungua ukurasa wa nyumba. Akaonyesha dirisha la jikoni, maua ya uani, hata bomba linalolia usipolifunga vizuri. Bando alinunua mwenyewe. Leo ukurasa una wafuasi elfu kumi na moja, na nyumba inapata wageni siku ishirini na mbili kwa mwezi. Mshahara wake haujasogea hata kidole.

Hilo alilivumilia. Lililomchoma ni jingine.

Mwezi uliopita alirekodi video sebuleni. Maneno yake yalikuwa haya: "Hata kama una mama mtu mzima, mlete apumzike hapa. Ila miguu yake iwe na nguvu, maana ngazi ni arobaini na moja."

Mwenye nyumba, ambaye naye ana nywila ya ukurasa, aliikata. Akaiacha iishie kwenye "apumzike hapa." Zilizotupwa ni sekunde sita tu.

Wiki mbili baadaye gari lilisimama getini. Alishuka muuguzi mmoja na mama yake wa miaka themanini na moja, aliyekuwa ametoka kupasuliwa goti. Walikuwa wamesafiri saa tisa. Mama Pasi alipofungua geti, muuguzi aliitambua sauti yake kabla ya sura.

"Dada, si wewe uliyesema nimlete mama apumzike?"

"Ni mimi."

"Basi mpandishe."

Akifika hapa katika kunisimulia, Mama Pasi anakunja foronya ambayo tayari imekunjwa. "Ningejibu nini? Sauti ni yangu. Uongo si wangu, lakini umetoka na sauti yangu."

Bibi aliinua shingo akazitazama zile ngazi, akacheka. "Mwanangu, nyumba ni nzuri. Sema waliijengea paka."

Alipopigiwa simu, mwenye nyumba hakusema pole. Alisema wakishafika watapanda tu.

Hawakupanda. Mama Pasi alihamisha mapipa ya sabuni kwenye chumba cha kupigia pasi, kando ya geti, akapitisha deki mara mbili na kutandika godoro. Bibi alilala humo siku mbili, akitazama mashuka yakipepea kambani. Muuguzi alipoondoka aliandika maoni ya maneno matano ukurasani: "Sauti nzuri, maneno ya uongo."

Mwenye nyumba aliyafuta ndani ya saa moja.

Gazeti hili lilipomuuliza kwa nini aliikata video, alijibu kwa ufupi: "Watu hawaangalii video ndefu." Kuhusu bibi aliyelala chumba cha pasi, alisema hiyo ni bahati mbaya. Sekunde sita, msomaji, ni kama muda wa kupiga chafya mbili!

Video kamili ilikuwa bado kwenye simu ya Mama Pasi. Aliirudisha ukurasani na "ila" yake, na tangu hapo, kila akipanda na mashuka, anahesabu ngazi kwa sauti. Mwenye nyumba alimwita.

"Dada, kazi yako ni ndoo. Matangazo niachie mimi."

"Ndoo, bosi? Hao wageni waliifuata ndoo?"

Akapewa hadi Ijumaa: azifute video za ngazi au arudishe funguo. Leo ni Alhamisi.

Hajifanyi shujaa. Ana binti wa darasa la pili na kodi ya chumba. "Naogopa, nisikudanganye. Ila mwanangu anaijua sauti yangu. Sitaki akue akisikia watu wanaiita ya uongo."

Amekubaliana na wafuaji wawili wa nyumba za jirani kufungua ukurasa wao, wa kuonyesha nyumba yoyote ambayo mwenyewe ataruhusu isemwe ilivyo: ngazi, kelele, siku maji yanapokatika. Mteja mmoja ameshapatikana, mwenye vyumba vya chini. Na bibi ametuma ujumbe wa sauti, goti linapona: "Mwanangu, ukihesabu polepole nitafika siku moja."

"Thelathini na tisa. Arobaini." Jasho linamtiririka hadi kidevuni. "Arobaini na moja. Tumefika."

Anatua furushi mlangoni, akihema kwa nguvu, kamera bado imewashwa. Ninamuuliza kama ataiondoa sehemu hiyo ya kuhema kabla ya kuposti.

"Sikati kitu," anasema, na kubonyeza. "Waisikie pumzi. Ndiyo ngazi zenyewe hizo."