Siku Mpima Pamba Alipohamwa na Watazamaji

Jambo hili hata mkilishwa kiapo hamtaliamini. Shemeji yangu, mpima pamba, husoma mizani huku mabega yakicheza. Ndiye kiongozi wa ngoma ya Wagika. Baada ya mavuno hushindana na Wagalu, kundi pinzani, uwanja mmoja, wakati mmoja, na anayewavuta watazamaji wengi zaidi ndiye mshindi. Mwaka wa sabini na mbili watu wakaanza kumhama. Kumbe kwa Wagalu binti yake, Nyamizi, alikuwa anacheza kwa kurusha jembe juu na kulidaka. Shemeji akanyamazisha ngoma zake, naye akaenda kutazama. "Huyo ni wangu," akawa anawaambia hata wanaomjua. Basi jembe likapaa hadi mawinguni, tukanywa uji likiwa huko, na liliposhuka—

"Shemeji, halikupita paa la ghala," akanikatiza mpima pamba mwenyewe, aliyeketi kando yangu. "Ila waambie alilidaka bila kutazama."