Salamu ya Kichwa

Juma lililopita nilikuwa nimekaa barazani, kwenye boma la Arusha, nikingoja kuitwa na Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya. Karibu nami alikaa mzee mwenye kesi ya mpaka wa shamba. Akaja mtu mzima mwenye ndevu na kanzu nyeupe ya misheni, akasimama mbele ya yule mzee, akainama. Huku kwetu mtoto humwinamishia baba kichwa ili akiguse, ndiyo salamu.

Mzee hakunyoosha mkono.

"Baba, nimebatizwa," yule akasema, kichwa kikiwa bado chini. "Nimekuja kukuambia kwamba nimekusamehe."

"Umenisamehe nini?"

"Fimbo. Na zile siku ulizonifungia zizini pamoja na ng'ombe."

Mzee alifikiri, tena alifikiri kwa kweli, nilimwona. "Sikumbuki," akasema.

Mwanawe hakuinuka. Mimi nikasema moyoni: mzee, mguse tu, utapungukiwa nini? Mwishowe akainua mkono polepole, kiganja wazi.

Mwanawe akaruka nyuma, akajikinga uso kwa mikono yote miwili.

Mzee akautazama mkono wake uliobaki hewani, kisha akaurudisha pajani. Askari wa mlangoni akamwita mzee ndani.

Walimu wa misheni wamemfundisha yule bwana kusamehe kwa ulimi, na ulimi umejifunza vizuri, sina neno. Ila ile mikono iliyojikinga, nani ataibatiza?